Ndoo Imejaa Tena

Jumatatu, 3 Machi
Chumba kizima! Jumba la makumbusho linanipa chumba changu peke yangu, kwenye ukumbi wa historia ya sanaa. Mimi, mchora ndoo! Mtaalamu wao – nimeshambatiza Bi Historia – amezipanga picha zangu kwa mfuatano wa miaka. Za ujanani zimejaa maji, za katikati nusu, ya mwisho tupu. Ati ni matumaini ya kizazi kizima yanayokauka. Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyejua siku zote.
Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. "Matumaini gani? Ujanani ulikuwa unachora haraka. Siku hizi hujamaliza, maji nimeshayapigia deki!"
Nimemsihi asiyaseme hayo mbele ya wageni.

Jumatano, 5 Machi
Bi Historia kapiga simu. Ufunguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo, na kitabu cha maonyesho kimeshachapwa, kinaishia kwenye ndoo tupu. Kwa hiyo tafadhali, mzee wangu, usichore kwanza. Hasa ndoo. Hasa yenye maji! Na nikichora? Itabidi historia ianze upya, na chumba apewe mchora kuku.
Mchora kuku! Yule! Nimefungia brashi kabatini, ufunguo kauchukua mke wangu.

Ijumaa, 7 Machi
Sijachora. Nina hasira na kila mtu.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu kanunua ndoo mpya, ya bluu. Kaijaza pomoni, kaiacha dirishani, jua likaingia majini – lo! Dari yote inacheza. Nimeikodolea macho asubuhi nzima. Naogopa. Kuwa na chumba bila brashi, si ndiyo kufa huku unakula?
Nikaomba ufunguo. Akanipa. Kasema nilikuwa nimeanza kumkera.

Jumanne, 11 Machi
Imetoka, ndoo ya bluu dirishani! Nzuri kuliko zote, na sijivuni – haya, najivuna. Mara hodi. Bi Historia! Mke wangu kamkaribisha kwa bashasha: yuko ndani, anachora.
Kasimama mbele ya picha. Machozi yakamlengalenga. Nikajua chumba kimekwenda. Kisha kwa sauti ndogo: umeshaandika mwaka kwenye picha?
Bado.
Kashusha pumzi. Basi niandike wa zamani kabisa, itangulie zote. Mke wangu kadakia: mwaka huo hata dirisha hatukuwa nalo!
Nimesema naenda kutafuta brashi nyembamba ya kuandikia mwaka. Nimejifungia chooni, naandika haya. Huko sebuleni wanabishana. Brashi nyembamba ninayo mfukoni.