Ukumbi Tulioupaka Saruji

Iyula, Mbozi,
11 Aprili 2025.

Mpendwa kaka Lusubilo,

Shikamoo. Hujambo huko Kigali? Wifi yangu Gwantwa naye hajambo, na kile kikohozi chake kimemwachia? Sisi tunapumua, na kwa mwaka huu hiyo si salamu ndogo. Mvua imetupiga tangu Februari bila adabu, mahindi ya bondeni yameoza yote. Mama anakula kidogo sana. Nitafika kwake.

Najua unashangaa nimekuandikia barua kama tuko shule ya msingi, wakati simu unayo na mimi ninayo. Nikipiga simu utaanza maswali yako ya kiinjinia, nami nitalia, kisha nitakata. Kwenye barua nitafika mwisho. Nampa Wiliam, yule mtoto wa mama mkubwa, dereva wa lori. Akiondoka kwenye foleni ya malori mpakani Tunduma anapandisha mzigo hadi kwenu.

Kaka, ulidanganywa. Mwalimu Zebedayo wa kwaya hakufa kwa presha. Aliangukiwa na ukuta wa ukumbi wako.

Kaa chini kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Unakumbuka ulivyotuchorea ule ukumbi wa kwaya. Ulitaka ukae pembeni ya msitu wa ukoo bila kukata mti. Matofali yawe ya udongo wa kushindilia, yasichomwe, ili kuni zisitoke humo msituni. Na juu kwenye kuta ukaacha matundu, hewa ipite, na bundi waliokimbia mashoka wapate pa kuzalia. Tulikucheka sana. Lakini bundi walikuja, panya wakapungua ghalani, na kwaya ikiimba mle ndani hata spika haikuhitajika. Mimi mwenyewe, ambaye unaijua sauti yangu, nilijisikia naimba.

Mwaka jana tukapewa kuandaa tamasha la kwaya. Watu wetu unawajua: mgeni akitarajiwa, ukuta wa udongo ni aibu, hata mwenye kijumba cha vyumba viwili atapiga plasta ule upande unaotazama barabara. Akina mama wakakaa. Wakasema ukumbi unafanana na ghala, na bundi katika nyumba ya sifa ni kujiitia msiba. Aliyesimama akasema tupige plasta ya saruji ndani na nje, na matundu tuyazibe, ni mama yetu. "Mwanangu asije akasemwa kwamba alisoma kote kule akatujengea kibanda," alisema. Nia yake ilikuwa njema, kaka. Alitaka kukusitiri.

Zebedayo alikataa. Akasema ulimwambia ukuta wa udongo lazima upumue, ukiuvika saruji maji yataingia kwenye nyufa na hayatapata pa kutokea. Mzee Ezron, mwenyekiti wa ujenzi, akamuuliza kama yeye ni mwalimu wa kwaya au wa bundi. Watu wakacheka, naye akacheka, kazi ikaanza. Hapo nakulaumu na wewe. Jambo zito namna ile kwa nini ulimwachia mtu mmoja, tena mpole? Ungetuambia sote, tena kwa ukali.

Tamasha lilipendeza. Picha hukutumiwa kwa sababu Mama alitaka uje uone mwenyewe.

Kisha mvua. Kwa nje ukuta ulikuwa mweupe, kumbe ndani umekuwa uji. Jumamosi moja ya Machi wanakwaya walikuwa wamejikinga kanisani, Zebedayo akakimbilia ukumbini kukihamisha kinanda kisilowe. Tulisikia kishindo kimoja tu. Wanaume walifukua kwa mikono mpaka wakamfikia. Kwenye matofali yaliyopasuka kulikuwa na kiota na manyoya madogo. Matundu yalizibwa makinda yakiwamo.

Msibani Tabita, mke wa marehemu, aliuliza mbele ya wote: "Naomba mniambie tu, nani alisema ule ukuta upigwe plasta?" Mama alikuwa amekaa naye, amemshika mkono. Aliyejibu ni Mzee Ezron. "Ni udongo uliomuua, mama. Ramani ilikuwa mbovu." Basi tangu siku ile muuaji ni wewe. Ndiyo maana wazee wakakubaliana uambiwe ni presha. Waliogopa utakuja na kuisema ile plasta.

Sasa wameamua. Jumatatu inayofuata wiki ya Pasaka kuta zilizobaki zitabomolewa, na msitu wa ukoo utakatwa kuchomea matofali ya ukumbi mpya. Miti imeshatiwa alama. Nilisimama kupinga, nikaambiwa namtetea kaka yangu. Ndiyo, namtetea! Nani mwingine atamtetea?

Na Mama. Kila alasiri anabeba jembe na kwenda ukumbini kubandua plasta kwenye kuta zilizosimama. Wapita njia wanampongeza: "Mama Lusubilo, umetutangulia kubomoa!" Anaitikia kwa kichwa. Mikono imechubuka yote, haniruhusu kuifunga kitambaa. Jana nilimfuata. Nilimkuta amepanda juu ya benchi la kwaya, anazibua tundu la bundi kwa kisu cha jikoni. Nilimshikia benchi lisiteleze.

Kaka, siwezi kumsema Mama mbele ya kijiji, na wewe sitaki umseme. Atalisema mwenyewe, naamini, lakini peke yake hawezi. Njoo kabla ya mashoka. Ramani ziache huko. Njoo usimame karibu naye.

Erica na Nesta wanamwamkia mjomba wao. Tabita hajui nakuandikia, ila juzi alikutaja, na bado anakuita rafiki wa mume wake. Mama hajakusalimia, kwa kuwa naye nimemficha. Mungu akufungulie njia na akulinde na barabara zenye utelezi.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hata nikikugombeza nakupenda,

Ikupa

Nilisahau: ukija, ulete glavu za ujenzi. Ndogo. Mikono ya Mama unaijua.