Chuma cha Goti la Mume Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: kuchukuliwa kwa chombo cha maabara, jengo la upasuaji, hospitali kuu
Shahidi: mwanamke, anajulikana kama Mama Pindo (jina kamili limo ndani ya jalada)
Umri: miaka 58
Kazi: fundi cherehani
Makazi: nyumba ya tatu nyuma ya ghala la mbao
Uhusiano na mtuhumiwa: ni mdogo wa mume wangu

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu, sijatishwa wala sijaahidiwa kitu.

Mume wangu ni fundi vitasa. Ana miaka 64, na kazi hiyo ameifanya miaka arobaini, mingi akiwa amepiga magoti mbele ya milango ya watu. Goti la kulia lilipochakaa kabisa, miaka mitatu iliyopita, aliwekewa goti la chuma. Mwaka wa kwanza alitembea vizuri, hata akawa ananiacha nyuma njiani makusudi, ili ageuke aniulize kama nimechoka.

Mwaka wa pili goti lilianza kuvimba na kuwaka moto. Alipewa vidonge, likatulia. Baada ya wiki kadhaa likarudi. Ikawa hivyo mara nne. Naomba iandikwe kwamba mara ya pili aliacha dawa katikati kwa sababu alijisikia nafuu, na vidonge vilivyobaki nilivitunza mimi mwenyewe kwenye kopo la vifungo. Mara ya tatu nilimpa vidonge hivyo hivyo kabla ya kumpeleka hospitali. Nilidhani namsaidia.

Mnamo tarehe 2 mwezi huu, saa nne asubuhi, tuliitwa na daktari mpasuaji. Alisema chuma lazima kitoke. Maji ya goti yalikuwa yamevutwa kwa sindano na kupimwa maabara mara mbili, lakini hakuna mdudu aliyeota. Akasema, "Wadudu wapo, ila hatuwajui, na tusiyemjua hatuwezi kumchagulia dawa. Tukibahatisha tena tukakosa, nitalazimika kukata mguu." Mume wangu alimuuliza kama chuma kikitoka atapewa. Daktari alitabasamu, akaendelea kuandika.

Mume wangu alipoingia kupigwa picha ya mguu, nilibaki na mtaalamu wa maabara, mama mfupi ambaye mkono wa miwani yake umefungwa kwa uzi. Nilimuuliza inakuwaje dawa iponye kisha isiponye. Aliniambia, "Mama, asubuhi kabla hujapiga mswaki, ukipitisha ulimi kwenye meno unasikia nini?" Nikasema utelezi. Akasema, "Basi wadudu wamejijengea utelezi kama huo juu ya chuma cha mzee. Wanaotoka nje dawa inawaua, mnafurahi. Waliobaki ndani ya utando wanakaa kama wamelala, hawali, hawazaliani, na dawa nyingi humuua mdudu akiwa kazini. Mkiacha dawa, wanaamka. Tena kila dawa ikikatwa katikati, wale sugu ndio wanaobaki kuzaa." Sikumwambia habari ya kopo la vifungo. Alinieleza pia kwamba chuma kitapelekwa kwake kikiwa vile vile kilivyotoka. Atakiweka kwenye mashine inayokitikisa mpaka utando ubanduke, ndipo awaoteshe wadudu na kuwajaribia dawa. "Kikioshwa," alisema, "tumepoteza kila kitu."

Nilimsimulia mume wangu tukiwa njiani kurudi. Alikuwa anasinzia, nadhani alisikia nusu.

Mnamo tarehe 9, saa mbili na nusu asubuhi, mume wangu aliingizwa chumba cha upasuaji. Tulikuwa nje wawili, mimi na shemeji yangu, fundi wa kuchomelea, ambaye mtaa mzima unamwita Cheche. Wazazi wao walifariki shemeji akiwa na miaka saba, mume wangu ndiye aliyemlea. Mpaka leo ana miaka 45 na hajawahi kumkatalia kaka yake jambo.

Saa tano na dakika ishirini nilikwenda kujaza chupa ya maji. Niliporudi, kama dakika sita baadaye, muuguzi alikuwa amesimama mbele ya kijimeza cha magurudumu, ameshika kichwa. Alikuwa ameweka pale chombo cheupe chenye kifuniko cha buluu, chuma cha goti kikiwa ndani, akaenda kumwita mtu wa maabara aje asaini. Aliporudi hakukikuta. Na shemeji hakuwepo, wala begi lake la vifaa.

Sikuhitaji kuambiwa. Nilimpigia simu mara tatu, hakupokea. Mlinzi alikuwa anauliza watu maswali. Mimi sikungoja kuulizwa. Nilitoka mbio, na mimi si mtu wa mbio.

Nilifika karakana ya shemeji saa sita kasoro dakika tano. Alikuwa amechuchumaa. Mbele yake kulikuwa na beseni la maji ya moto yenye sabuni ya unga, brashi ya waya mkononi, na chombo kati ya miguu. Mkono mmoja ulikuwa juu ya kifuniko.

Nikamwambia, "Shemeji, usifungue."

Akasema, "Kaka kasema nimchukulie. Kasema kitasa kikikushinda unakiweka mezani, ukifungue, uone kimekushindia wapi. Nakisafisha tu, shemeji. Sitaki akione na damu."

Nikamwambia, "Ukikiosha, mguu unakatwa."

Alinitazama. Nikamweleza yote niliyoambiwa na mama wa maabara, kwa kifupi, maana pumzi sikuwa nayo. Aliweka brashi chini taratibu sana, kama inaweza kulipuka. Halafu akasema, "Mimi nilitaka kumfurahisha." Alikuwa analia. Nami nilikuwa nimemkasirikia kiasi cha kutaka kumpiga na brashi ile ile, lakini nilimfuta uso kwa kanga yangu, nikamwambia tuondoke.

Tulirudi kwa mwendo wa haraka, yeye amekibeba chombo kwa mikono miwili. Tulifika getini saa sita na dakika ishirini na tano. Mlinzi alimkamata pale pale. Shemeji hakubisha. Alisema, "Nifunge baadaye, kwanza hiki kifike maabara." Mama wa maabara alikuja mwenyewe getini, akakagua utepe uliozibia kifuniko, akakuta haujakatika. Akasema muda bado unaruhusu.

Mnamo tarehe 15, saa tatu asubuhi, mama huyo aliniita dirishani kwake. Wadudu walikuwa wameota. Dawa nne alizojaribu hazikuwafanya kitu, na mojawapo ilikuwa ile ya kwenye kopo langu. Safari hii nilimwambia. Hakunigombeza, alisema nimletee kopo zima. Dawa mbili zilikuwa zinawaua zikitumika pamoja. Mume wangu ameanza zote mbili, wiki sita bila kukosa hata moja, na mahali pa goti amewekewa saruji ya mifupa yenye dawa mpaka awekewe jingine. Homa ilishuka jana. Mguu haukatwi.

Mume wangu ameniagiza niseme kwamba aliyemtuma shemeji ni yeye, na kwamba kama kuna wa kufungwa aje afungwe yeye, ila aletewe kiti chenye mgongo.

Afande ameniuliza kama natetea ndugu. Sitetei. Alichukua kisicho chake, na angetuletea msiba wa mguu. Lakini afande ameniuliza pia nataka afanywe nini, na hilo nalijibu. Mume wangu ni mzito. Kumgeuza kitandani kunahitaji watu wawili, mchana mara tatu, na wa pili ni huyo mliyemweka kwenye benchi hapo nje.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya, sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo haya nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, tarehe 17, kuanzia saa nne hadi saa tano na robo asubuhi. Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi, isipokuwa kila nilipoandika "mtuhumiwa" aliomba nikate niandike "shemeji". Nimemweleza kwamba kwenye kichwa cha maelezo haiwezekani. Kwingine nimekata. Barua ya maabara kwamba chombo kilipokelewa kikiwa salama imeambatanishwa, na nimependekeza kwa mkuu wa kituo jalada lifungwe. Shahidi na shemeji yake wameondoka pamoja saa tano na dakika ishirini, kuwahi zamu ya kumgeuza mgonjwa.