Ijumaa ya Wateja

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa tisa.

Mpendwa shemeji yangu, kitinda mimba wetu,

Pokea salamu zangu kabla ya yote. Hujambo huko uliko? Goti lako linasemaje na hiyo baridi? Na mke wako, bado anakuficha chumvi? Mimi sijambo, nashukuru. Nakula na kulala vizuri, ila mkono wangu bado unapika chai ya watu wawili, nami nainywa yote ili isimwagwe. Nadhani ndiyo inayoninenepesha.

Siku ile simu ilikatika hapo hapo nilipoanza kukueleza habari za nyumba, na najua umebaki na wasiwasi kwamba kaka yenu mkubwa atanitoa. Basi leo nimeketi kwenye meza ya marehemu ya kukatia nguo, nimesogeza pini na chaki pembeni, nikueleze taratibu tangu mwanzo.

Chanzo ni kinyozi, yule jirani wa dukani. Mwaka jana alianguka katikati ya kazi, na mteja aliyempeleka hospitali alikuwa na ndevu upande mmoja tu. Kinyozi hakurudi. Watoto wake wakakigombania kiti cha kunyolea, huyu anavuta huku na yule kule, mpaka kikang'oka mguu. Kaka yako, marehemu mume wangu, aliyaona yote kupitia dirisha la duka lake. Alikuja nyumbani akashindwa kula, akaniambia atapanga mambo yake angali na nguvu, kwa sababu maradhi hayapigi hodi.

Unamjua. Fundi cherehani alipanga kama fundi cherehani. Alikata vipande vya kitambaa cheupe, kama vile anavyobandika kwenye nguo za wateja, akaandika jina la mwenye mzigo na siku ya kuchukua. Kuandika lebo bila siku mkono wake haukuweza. Na siku yake, kama wajuavyo watu wote waliowahi kumpelekea kitambaa, ilikuwa moja tu. Kabati la vyombo: Dada, Ijumaa. Pasi ya mkaa: Fundi viatu, Ijumaa. Niliinua sufuria yangu kubwa nikakuta chini yake jina la dada yenu.

Nikamuuliza, na mimi nitapikia nini?

"Utapikia hiyo hiyo mpaka Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Ijumaa ya wateja," akasema, na sindano mdomoni.

Hapo nikatulia, maana Ijumaa ya wateja haijawahi kufika.

Lakini wifi yangu, dada yenu, ni mtu wa utaratibu. Alikuja kututembelea, akaisoma lebo ya kabati, akaenda zake. Ijumaa asubuhi nikasikia mkokoteni mlangoni. Amekuja na wachukuzi wawili na kamba. Ikabidi kaka yako aitwe kutoka dukani, aje na futi shingoni kumweleza dada yake kwamba bado hajafa.

Wifi akasema lebo imeandikwa Ijumaa, na leo ni Ijumaa, yeye kosa lake nini?

"Dada," akamjibu, "kazi haijakwisha."

Wachukuzi walikunywa chai, wakasaidia kulisogeza kabati ili nifagie nyuma yake, wakaondoka na mkokoteni mtupu. Wifi aliondoka na sahani mbili, kama malipo ya awali.

Aliyetushtua ni binti yetu, karani wa mahakama. Alicheka lebo mpaka akatoa machozi, kisha akaacha kucheka. Akamwambia baba yake kwamba amebandika kila kitu mpaka ufagio, ila nyumba hajaiandika popote. Na kaka yenu mkubwa alikwisha kutamka, tena mbele za watu, kwamba fundi akitangulia nyumba iuzwe, kila ndugu apate chake. Binti akauliza, mama ataenda wapi? Kaka yako alitazama ukuta. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kuchomeka pini.

Basi akaenda kwa wakili. Huyo mama alikuwa mteja wake, mwenye koti la suti lililokaa dukani miaka miwili likisubiri mkono wa kushoto. Wosia uliandikwa haraka, ukabaki kutiwa sahihi. Wakili alipompigia simu, akasema atapita Ijumaa. Zikapita Ijumaa saba. Mimi nilikuwa nazihesabu kimya kimya, kwa sababu nilishaanza kumwona akishika ukingo wa meza anapoinuka, na akidai ni viatu.

Jumatatu moja wakili akaja mwenyewe dukani na karatasi zake. Nilikuwepo, nilipeleka chakula. Akavuta kiti akakaa.

"Fundi, Ijumaa zako nazijua, koti langu lina umri wa miaka miwili. Leo siondoki."

Shahidi mmoja alikuwa muuza magazeti. Wa pili, fundi viatu, alikuwa amekwenda kutafuta miwani yake, na alikawia. Wakili akasema wakati tunamsubiri, mkono wa koti ushonwe. Ukashonwa. Shahidi akarudi, kaka yako akainama kutia sahihi, akachukua chaki. Tukampa kalamu.

Jumanne ya wiki iliyofuata kiharusi kikamkuta pale pale mezani, na mkasi umefika katikati ya suruali ya mwalimu.

Alikaa hospitali siku tisa. Maneno yake yalikuwa mazito, lakini mengine tuliyasikia. Daktari alimuuliza kwa utani atasimama lini, naye akajibu, "Ijumaa." Wodi nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Akatutoka Alhamisi. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akiwahi.

Baada ya mazishi tulikaa humu chumbani, kaka yenu mkubwa kwenye kiti cha mbele na hotuba yake mfukoni. Wakili akasoma. Nyumba ni yangu maisha yangu yote, kisha ni ya watoto. Kaka mkubwa akaiomba karatasi, akaitazama sahihi, akaitazama tarehe, akavua miwani.

"Hii si kazi ya ndugu yangu. Hajawahi kumaliza kitu kabla ya siku yake."

Shemeji, hapo alisema kweli. Watu wengine waliangua kicheko, lakini mimi niliiona nyumba ikipakiwa kwenye mkokoteni.

Wakili hakubishana. Alivua koti akampa, akamwambia mkono wa kushoto ulishonwa saa ile ile, mashahidi wakiwa dukani. Kaka mkubwa akaugeuza nje ndani. Unakumbuka marehemu alivyokuwa akirudia mshono mara tatu kwenye kwapa, tabia aliyofundishwa na baba yenu? Akaupitisha kidole pole pole, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Ni yeye," akasema. Kisha akajifunika uso kwa koti la watu akalia, na hotuba haikusomwa tena.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, sitoki. Kaka mkubwa sasa hupita kila wiki kuuliza kama paa linavuja. Halivuji, lakini hupanda kulitazama.

Mkasi mkubwa una jina lako. Nimeufunga kwenye gazeti. Lebo yake inasema Ijumaa, kwa hiyo huna haraka, ila njoo.

Juzi nikipangua vitambaa nyuma ya cherehani nilikuta kile cha kijani nilichompa mwaka binti alipoanza shule. Kimekatwa, kimepigwa pini, upande mmoja umeshonwa. Nilijaribu kukivaa kikagoma mabegani. Lebo yake imeandikwa "Mke wangu", na haina siku. Niliigeuza nyuma, haina. Nimeitoa nikaipigilia kwa misumari midogo juu ya mlango wa mbele, kwa ndani, ninapoiona nikifunga.

Nisalimie mke wako na mapacha wenu. Binti na wifi wanakusalimu. Wifi anasema kabati limefika salama. Mungu akulinde, alitulize goti lako, akurudishe tukuone.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,
Mke wa Fundi