Sanduku Ulilolipaka Nta

Shemeji wangu,

Barua hii sijaitia katika bahasha. Motari atakayeibeba kwenye pikipiki yake anaweza kuisoma, na yeyote atakayempokea njiani, kuanzia Sake, kupita Masisi na Walikale, hadi kwenu Itebero. Sijui uko wapi. Heri wengi wajue ninamtafuta nani.

Unaikumbuka kompyuta ya shule yetu ya Kalembe? Ilikuwa imeshatumika Goma miaka mingi. Pikipiki iliyoileta iliteleza kwenye matope, na ganda lake la bati likabonyea kama kopo lililokanyagwa na ng'ombe. Vitu vya ndani vilipona. Ulikuwa umekuja kumsalimu dada yako, ukanikuta mimi mume wake nimevitandaza vyote mezani. Ulisimama mlangoni ukatazama zile nyaya, ukauliza, "Mualimu, ni nyama gani umechinja hapa?" Kisha ukasema utaijengea nyumba.

Wewe ulijua kutengeneza sanduku la aina moja tu, mzinga wa nyuki. Tulikuwa na mbao za mti wa libuyu zilizobaki baada ya kutengenezwa mlango wa kanisa. Nilikuchorea nyuma ya kalenda mahali pa feni, mahali pa kisanduku cha umeme, na kifuniko cha kufungua pembeni. Vigingi vya mianzi ulivichonga vizuri, na ule ubao wenye nyaya ukakaa juu yake bila kugusa kuta. Nilikuomba matundu makubwa nyuma ili joto litoke. Uliyatoboa, lakini ukaongeza mengine madogo chini, upande wa mbele, yamejipanga mstari mmoja. Nilipolalamika ulisema nyumba isiyo na mlango wa chini haipumui.

Halafu ukatoa ule mpira wa nta mfukoni mwa shati. Nyumba nzima tuliucheka mfuko huo: ukila sega la asali ulitafuna, ukatema nta, ukaihifadhi humo kwa ajili ya mzinga utakaofuata. Ulilisugua sanduku ndani na nje, ukamalizia na yale majani yako ya porini. Nilikukumbusha kwamba hatutengenezi mzinga.

"Sanduku ni sanduku, shemeji. Acha linuke vizuri."

Kompyuta iliwaka, na karatasi za mtihani wa kwanza, zilizolala juu ya sanduku, zilinuka asali. Likizo kubwa tuliizima. Tuliporudi, nyuki walikuwa wamehamia kwenye feni. Ulikuja ukawatoa kwa moshi huku ukicheka hadi ukakaa chini. Vilikuwa visega vitupu, lakini uliniambia, nusu kwa mzaha, "Asali ya kwanza njo ya fundi, ni haki yake. Ukikula mbele yake, yeye hajaonja, nyuki watakuhama." Nikakuonyesha kwamba asali yenyewe hakuna. "Itakuwa," ukasema. "Mimi nitangojea."

Kisha vita vikatufikia, wewe ukiwa kwetu. Kwenye njia panda wewe ulishika njia ya Walikale kumtazama mama yenu, sisi tukateremka upande wa Masisi. Ulisema utatufuata pakitulia. Dada yako alilibeba sanduku mgongoni, nguo zetu zikiwa ndani, na vitu vya kompyuta nikavifunga katika kitenge. Kompyuta ilitufanyia kazi kila tulipopata umeme, mpaka ubao wake ukafa. Sanduku sikuweza kulitupa. Tulipopata nyumba hii ya kupanga hapa Sake, dada yako alilitundika nyuma ya jiko ili mchwa wasilile.

Nyuki wamekuja, shemeji. Wanaingilia kwenye matundu yako ya chini, yale niliyoyalalamikia. Asali ilijaa hadi ikaanza kudondoka ukutani, na majirani wakatuonya kwamba tusipovuna nyuki watahama. Nilichukua kisu. Dada yako akaninyang'anya.

"Tukikula mbele yake, yeye hajaonja, ni kusema amekufa. Nani alikuambia amekufa?"

Hakuna aliyeniambia. Wala hakuna aliyeniambia kwamba uko hai. Tangu siku hiyo tulikuwa tukipita chini ya nyuki tukibeba maji yetu.

Leo asubuhi dada yako mwenyewe amewasha moshi. Tumekata sega la kwanza, tumelitia katika kopo la maziwa na kulifunga kwa kamba. Ndilo hili ulilonalo. Masega mengine yamo kwenye ndoo, yamefunikwa, na hakuna aliyelamba kidole. Mimi kisu nimekipangusa kwenye majani, dada yako akinitazama.

Motari nimemwambia aulizie, akifika Itebero, mtu mwenye nta mfukoni mwa shati. Ukila, usilioshe kopo. Tafuna, tema, tia mpira wa nta humo na umrudishie motari. Sanduku letu linahitaji kupakwa upya. Na kama wewe hupo tena, basi wewe mwingine unayeisoma barua hii, uliyemjua shemeji yangu, kula kwa niaba yake, kisha lioshe kopo vizuri kwa maji. Likitufikia likiwa safi tutaelewa, wala usijisumbue kuandika.

Nyuki wamerudi sandukuni. Ndoo bado imefunikwa.

Shemeji yako,
baba wa wapwa zako