Maneno Matatu kwa Pipa Moja

Jumapili, 6 Machi 1988. Asubuhi baridi kali, theluji imeganda juu kama ukoko wa wali. Jua lilitoka saa mbili.

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini nyonga inapona na unamsikiliza dada Lucille akikuambia utembee. Mimi mzima. Ningepiga simu, lakini kwenye simu husikii, unaniitikia tu.

Mnunuzi wetu wa kila mwaka amesema hachukui tena shira yetu. Mapipa yote ya mwaka jana yako stoo. Nakumbuka neno ulilompa Bwana Pruitt: yakiwa bado hapa tarehe 20, msitu wa mepu, miti inayotupa utomvu wa shira, ni wake, aukate mbao. Sitaki aukate.

Nimeling'oa bango la barabarani. Miaka yote limemwambia kila mtu neno moja, "Shira nyepesi ya Bergevin," na kila mtu amepita. Nimeandika kadi za aina tatu. Waokaji wa mjini nimewaambia shira yetu nyeusi, ile nzito ya mwisho wa msimu, haipotezi ladha ndani ya oveni. Akina bibi wa parokia nimewaambia ni ileile waliyomwagia chapati za maji walipokuwa wasichana. Hoteli ya wanaoteleza thelujini nimeiambia: leteni wageni Jumamosi ya tarehe 19 waone shira ikichemka juu ya moto wa kuni, waile ya moto ikiwa imemwagwa kwenye theluji, na tango la siki pembeni.

Binti yako,
Noella

Burlington, 10 Machi

Noella binti yangu,

Nyonga inauma, kwa hiyo bado ipo. Dada yako ananilisha supu kama mtu asiye na meno. Wewe hujambo? Paa la kibanda cha kuchemshia halijavuja?

Umetangaza shira nyeusi? Ile tunaila wenyewe, mlango umefungwa. Babu yako angeulizwa kanisani kama ana nyeusi, angekana mbele ya padri. Mtu anayesema maneno matatu kwa watu watatu, sisi tulikuwa tunamwita mgombea ubunge.

Tena niambie, kuni zipi? Tangu mama yako afariki tunachemshia jiko la mafuta. Usiuze uongo kwa jina langu. Heri Pruitt akate.

Baba yako

14 Machi. Mawingu asubuhi, matone yanadondoka paani.

Baba mpendwa,

Pole kwa maumivu, na pole kwa supu. Paa ni zima.

Bibi Kowalczyk wa duka la mikate alikuja mwenyewe. Akaonja nyeusi kwa kidole, akanitazama.

"Hii mlikuwa mnaificha wapi?"

"Tulikuwa tunaionea aibu."

"Basi nionee mimi huruma. Nipakilie yote."

Nyeusi imekwisha, Baba, isipokuwa pipa la nyumbani. Akina bibi nao wamebeba madumu, wengine wamerudi na wakwe zao. Imebaki nyepesi, na hiyo inategemea hoteli.

Kuhusu kuni umenishika. Nilipopata barua yako nilizisoma kadi upya kwa utaratibu, moja moja. Kumwambia mwokaji habari ya oveni si uongo, wala kumkumbusha bibi usichana wake. Ni pipa lilelile, kila mtu nimemwonyesha upande unaomhusu. Lakini ya tatu niliiandika kwa kuwa ilisikika vizuri. Armand jirani aliniambia, "Washa mafuta yako, panga magogo mlangoni. Watu wa mjini watajuaje?"

"Mimi nitajua, Armand."

"Wewe hununui."

Nilimwomba trekta. Tumelivuta jiko la kuni la Babu kutoka ghalani, limejaa viota vya panya. Kadi sitaifuta. Nitaifanya iwe kweli. Niambie jinsi ya kulilisha.

Binti yako,
Noella

Burlington, 16 Machi

Binti yangu,

Leo nimetembea hadi sanduku la posta, usimwambie Lucille.

Tumia vipande vya msonobari vilivyokauka, vyembamba kama mkono wako. Lisha kidogo kidogo, usifungue mlango kwa muda mrefu. Povu likipanda, dondoshea tone la krimu, litanywea. Anza Ijumaa jioni na usiliache, maana jiko lile likipoa katikati shira inalala bila kuiva. Ukisinzia, sinia la kuchemshia litaungua, na harufu yake itakaa nguoni hadi Pasaka.

Pruitt anakuja Jumapili asubuhi. Nilimpa neno, silirudishi. Pipa moja la kuuza likibaki, nitatia sahihi.

Baba yako

Jumatatu, 21 Machi. Ukungu asubuhi, utomvu unatiririka.

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii imekukuta umekaa.

Wageni walikuja Jumamosi, magari yamejaa ua wote. Moshi uliwatoa machozi, wakafurahi. Mmoja akauliza tango ni la nini. Nikamwambia ale, ataelewa. Akalila, utamu ukakatika mdomoni, akarudi kwenye shira kwa hamu, akaelewa. Giza lilipoingia mwenye hoteli alikuwa amepakia mapipa yote ya nyepesi. Utomvu ulikuwa bado umejaa tangi, nikaendelea kulisha jiko.

Pruitt alinikuta hapohapo penye jiko Jumapili, na kopo lake la rangi ya kutia miti alama.

"Nina neno la baba yako."

"Neno lake ni la mapipa yakibaki. Ingia ukaangalie."

Akaingia, akatoka. "Kuna moja."

"Hilo ni la kula nyumbani. Ila Bwana Pruitt, vijana wako wanaokata miti hunywa kahawa tangu alfajiri. Sukari inaganda chini ya chupa kwenye baridi. Shira nyeusi haigandi."

Aliweka kopo la rangi garini, akarudi na dumu tupu. Nilimjazia. Nikamwaga maji kwenye makaa, nikapanda kitandani na viatu vyangu miguuni, nikalala saa nne na robo asubuhi, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Binti yako,
Noella