Mrehani wa Mama na Mabaki ya Uyoga

Beja,
Tunisia.
12 Mei

Mpendwa dada Dalenda,

Pokea salamu za nyumbani, tele kwa tele. Hujambo? Shemeji Mondheri na watoto hawajambo? Huko Palermo joto limeshaanza? Sisi wazima wa mwili, Alhamdulillahi. Moyo ndio haujapona.

Arobaini ya Mama tuliisoma Ijumaa. Watu walijaa mpaka uani, na kuskusi ilitosha. Kila aliyeingia aliniuliza habari zako.

Sasa nikueleze la Baba. Unajua hakuwahi kukanyaga banda la uyoga la Mama. Mama alipofariki, Baba alitaka siku ya arobaini tumpelekee kaburini mrehani wake wa mlangoni. Wenyewe ulikufa kwa baridi ya mwaka huu, zikabaki mbegu tu kwenye kikopo. Basi akaenda bandani, akapasua mifuko iliyokwisha kuvunwa uyoga, akayajaza vyunguni, yalivyo, mabua ya ngano yaliyooteshea uyoga.

Nikamwambia, "Baba, Mama alikuwa akiyalaza nje msimu mzima wa mvua, chumvi itoke. Hayo bado makali."

"Mkali ni wewe," akanijibu. "Arobaini haingoji mvua."

Akazimwaga mbegu zote, hakubakisha hata moja. Haraka haina baraka, najua, lakini ningemwambiaje mtu aliyefiwa?

Ziliota, dada, tukafurahi. Kisha ncha zikaungua, miche ikalala mmoja mmoja. Badala yake ukachomoza uyoga! Jirani yetu Shedlia akachungulia ukutani, akamwambia Baba: "We Hedi, umepanda mrehani unavuna mchuzi?" Baba akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Halafu akakaa chini pale pale akalia, nikashindwa kumnyamazisha. Kaburini tulikwenda mikono mitupu.

Ulipoolewa, Mama alikufungia mbegu zile kwenye ncha ya mtandio. Kama unazo bado, tutumie hata chache. Mabua nimeyatoa nje mwenyewe, yanyeshewe mpaka baridi ijayo ipite. Kama huna, niandikie mimi, usimwandikie Baba. Anakutegemea wewe tu.

Msalimie shemeji, na unibusie Yusra na Ghassani. Shangazi Beya anakuombea kila sala. Mola akutunze ugenini, akurudishe utukute hai.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Nejla

Tafadhali usinunue mbegu za sokoni ukatutumia. Juzi nilimletea Baba mche wa sokoni, nikamwambia umechipua nyuma ya banda. Alifikicha jani, akanusa, akanishika mkono. "Ahsante, mwanangu," akasema. "Lakini huyu si yeye."