Kichwa Kinawanga, Kidonda Kinachonyota

Jumatatu, 4 Juni 1962

Tangazo limebandikwa kwenye zahanati hapa Likoni. Anatakiwa mwanamke wa kumtafsiria daktari mgeni. Mtihani ni wa Kiingereza: wapewa neno, ulitie kwenye sentensi. Nimelisoma mara tatu pale mlangoni. Mume wangu Bakari kaniambia, Mama Nadhira, jaribu. Hata hakuuliza nani atapika!

Alhamisi, 7 Juni

Mwalimu Phineas, anayetufundisha akina mama alasiri, katupa "pain", "ache" na "sore". Yote maumivu. Nikaandika: "The knife ached my finger. The mosquito ached me too." Wino mwekundu ukurasa mzima. Eti maneno hayo ni ndugu, ila kila moja lina kazi yake. Nimerudi nimenuna.

Ijumaa, 8 Juni

Nadhira kaanguka, goti limechunika. Nikampaka aidini, akalia kidonda kinachonyota. Mkono ukanisimama na pamba. Mbona hakusema kinawanga? Kichwa ndicho kinachowanga! Jino lauma, kidonda kinachonyota — na sikuwahi kufundishwa. Kumbe Waingereza nao wana yao vilevile. Nikacheka, mtoto akaacha kulia anitazame.

Sentensi ishirini kabla ya magharibi.

Jumanne, 12 Juni — kwenye benchi la zahanati

Mtihani. Daktari ni mama wa Kizungu, sauti ndogo. Kanipa "ache". Nikasema: "My tooth aches when I drink cold water." Akaitikia kwa kichwa.

Mara akaingia Bi Mwanarehema wa Mtongwe, kajikunja, hakungoja zamu. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Tumbo lanisokota."

Daktari akanigeukia. "Ache" — haitoshi. "Pain" — haisemi kitu. Jasho! Nikashika ncha ya leso yangu, nikaisokota kama nguo ya kukamuliwa.

"Doctor, her stomach is doing this."

Akauliza tangu lini. Nikamwuliza bibi, nikajibu: tangu alfajiri. Akaandika. Halafu, polepole, akanipa neno: "Cramp." Nikalirudia. Tamu mdomoni, maskini, na maana yake ile!

Nimeambiwa ningoje hapa nje. Bi Mwanarehema katoka na dawa yake, kakaa kando yangu, kanishika mkono wa kushoto hataki kuuachia. Naandika hivyo hivyo. Moyo wanidunda — hilo kwa Kiingereza silijui bado.

Mlango umefunguka. Mzee aliyeshika kiuno anaingia, na daktari ananiashiria na mimi —